Majoho Manne Bila Mikono

Siku ya kwanza Mama Futi alipofika dukani kwangu hakuanza na salamu. Alisimama mlangoni, akanitazama kuanzia shingoni hadi kiunoni, akasema, "Bega lako la kushoto limeshuka. Aliyekushonea hilo shati hakuliona."

Nilikuwa nimeinamia printa iliyogoma kuvuta karatasi, wino umenifika viwikoni, na sikuwa na hamu ya kukaguliwa na mtu. Nikamwambia hapa si kwa fundi nguo, hapa tunatengeneza printa na mashine za fotokopi. Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, ambayo niliibandika mimi mwenyewe nikaisahau: "Kila Jumamosi saa nne asubuhi, chumba cha nyuma. Tunaunda lugha ya kompyuta. Kila mtu anakaribishwa. Hakuna kiingilio."

"Basi nimekuja kukaribishwa," akasema.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na saba, mfupi, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja. Futi ya kupimia nguo ilining'inia shingoni mwake, na baadaye nilikuja kugundua kwamba haivui hata akienda msibani. Jina la Mama Futi alipewa na Dereva, mwenzetu wa chama cha Jumamosi, kabla hajakaa kitini, naye akalipokea bila kubisha.

Lugha yetu inaitwa Jongoo. Watu wakiniuliza lugha ya kompyuta ni kitu gani, huwajibu hivi: kompyuta ni kibarua mwenye nguvu asiyejua lolote, na lugha ni maneno mliyokubaliana ya kumwagiza kazi. Zipo lugha kubwa za namna hiyo, zilizoundwa na watu wanaolipwa mishahara. Jongoo tuliiunda sisi kwa kupenda tu, kwa maneno ya Kiswahili, na tuliipa jina hilo kwa sababu toleo lake la kwanza lilikuwa na miguu mingi na halikufika popote.

Aliyeianzisha ni Mwalimu, mama anayefundisha hesabu sekondari, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Akikuona umeharibu hukuuliza tu, "Una hakika?" na wewe unatamani ardhi ipasuke. Dereva anaendesha gari la wagonjwa, na Jumamosi zisizo za zamu huja kuandika michezo ya kuruka mashimo. Mimi naitwa Fundi Wino. Kazi zangu chamani ni mbili: narekebisha yaliyoharibika ndani ya Jongoo, na natunza folda ya Wageni.

Folda hiyo ndiyo desturi yetu pekee. Mtu mpya akimaliza programu yake ya kwanza, hata iwe ya kipuuzi namna gani, inawekwa humo. Kabla hatujatoa toleo jipya la Jongoo, kompyuta inaziendesha programu zote za folda, moja baada ya nyingine. Hata moja ikitoa jibu tofauti na la siku ilipoandikwa, toleo halitoki. Programu ya kwanza ya mtu haivunjwi. Mwalimu aliweka sheria hiyo tangu tulipoanza na hakuwahi kuitolea hotuba, lakini sote tunaielewa. Mtu anayeanza ana ujasiri wa kuhesabu, na ukivunjwa na walewale waliomwambia karibu, harudi tena.

Humo ndani mlikuwa na programu ishirini na tatu. Ya Dereva hutoa visingizio vya kuchelewa kazini, kimoja kwa siku, na kingine kikali zaidi kwa Jumatatu. Kuna ya kinyozi mmoja inayosema nani anafuata kwenye foleni. Kuna ya dada aliyetaka kujua atafikisha umri wa mama mkwe wake mwaka gani, na alipopata jibu hakuonekana tena. Wengi walioziandika walishatuacha, lakini programu zao zinafanya kazi hadi leo.

Na hapo ndipo paliponiuma mimi. Nilikuwa nimechoka na wageni. Nawapokea, nawaeleza, nawachemshia chai, Jumamosi ya pili wanakuja wamechelewa, ya tatu simu zao hazipokelewi. Basi nikajitungia sheria yangu ya siri: programu ya mgeni siiweki kwenye folda mpaka afikishe Jumamosi ya nne. Sikumwambia mtu. Nilijiona mjanja sana.

Mgeni wetu hukalishwa kwenye kiti kizuri, kile chenye magurudumu yote manne, na hakuna anayeruhusiwa kugusa kibodi kwa niaba yake. Unaweza kumweleza, kumwonyesha kwa kidole, hata kujing'ata ulimi, lakini mikono yako unaikalia. Mama Futi alitafuta herufi ya kwanza kwa dakika nzima. Dereva aliikalia mikono yake huku akihema kama anayesukuma gari. Alipokosea, Jongoo ikaandika ujumbe nilioutunga mimi miaka mingi iliyopita: "Sijaelewa. Rudia polepole."

"Na wewe usinifokee," akaiambia kompyuta, akarudia polepole.

Siku hiyo, katikati ya kutafuta herufi, alitusimulia maisha yake bila sisi kuuliza. Aliacha shule darasa la sita na kupelekwa kwa shangazi yake aliyekuwa fundi cherehani. Shangazi alimnyima mkasi mwaka mzima. Alifagia vipande, akaokota pini, akakunja vitambaa vya wenzake, na kila alipouliza lini atakata, jibu lilikuwa, "Bado. Nitakwambia." Mwaka ulipokwisha aliwekewa mkasi mezani pamoja na kitambaa cha mteja, si cha kujifunzia. Alikata bila kutetemeka kwa sababu kwa mwaka mzima alikuwa amekata kwa macho.

Tangu hapo hajaacha kushona, miaka thelathini na mmoja akiwa katika chumba kimoja chenye dirisha moja, cherehani upande wa mwanga na kitanda upande wa giza. Mabinti zake wawili walijifunzia kusoma chini ya meza ya kukatia. Hesabu zote za kazi yake anafanya kichwani huku midomo ikimcheza: mita ngapi, mikato mingapi, kipi kitoke wapi. Binti mkubwa alimnunulia simu nzuri, na ndiye aliyemtania kwamba siku hizi kichwa chake kinachoka, atafute mashine ya kukisaidia.

"Kichwa changu hakijachoka," alituambia. "Ila kimeanza kunijibu taratibu. Zamani nauliza, kinajibu. Sasa nauliza, kinasema ngoja."

Alitaka programu moja tu. Kwaya ya wafanyakazi wa hospitali ilikuwa inafikiria kumpa kazi ya majoho ishirini na manane, na ilikuwa mara ya kwanza kwake kutafutwa na kundi kubwa hivyo. Siku zote kazi kama hizo huchukuliwa na duka kubwa la sare lenye mafundi kumi. Kiongozi wa kwaya alimwambia wazi kwamba wanamjaribu. Akifanya vizuri, zipo kwaya nyingine zinazosubiri kuona. Akiharibu, wanarudi dukani na jina lake limekwisha. Kwa hiyo alitaka kujua kitambaa kiasi gani anunue, bila kubahatisha.

Mikono ndiyo ilikuwa inamsumbua. Upana wa kitambaa, alitueleza, unatoa jozi tatu za mikono kwa mkato mmoja, na huwezi kuchanganya saizi katika mkato, kwa sababu urefu haulingani. Majoho kumi ya saizi moja, gawa kwa tatu, unahitaji mikato minne. Mkato wa nne utabaki na nafasi, lakini lazima uwepo, la sivyo kuna mtu atabaki bila mikono.

Jumamosi ya tatu programu ikakamilika. Mistari kumi na tisa, yote ameiandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Akaijaribu kwa majoho kumi, Jongoo ikajibu: mikato minne. Midomo ikamcheza. "Nne," akasema. "Na mimi nimepata nne. Tumekubaliana." Tukampigia makofi mpaka mteja aliyekuwa nje na karatasi zake za fotokopi akachungulia kuona kuna nini. Mama Futi aliinama kidogo kutushukuru, futi ikagonga meza, kisha Dereva akamwekea Jongoo na programu yake kwenye simu.

"Sasa imeingia kwenye folda?" aliniuliza. Dereva alishamweleza kila kitu kuhusu folda.

Nilikuwa natafuta bisibisi. "Imo tayari," nikasema.

Haikuwemo. Nilikuwa nangoja Jumamosi ya nne.

Jumatano iliyofuata nilitoa toleo jipya la Jongoo. Lugha yetu ilikuwa na kilema cha tangu kuzaliwa: ukigawanya namba na kukabaki kitu, yenyewe inaongeza juu. Saba kwa mbili iliita nne. Dereva alilalamika mwaka mzima kwamba mchezaji kwenye mchezo wake hafi inavyotakiwa, anapewa uhai wa ziada bure. Nikalirekebisha jambo hilo, sasa baki ikawa inatupwa na saba kwa mbili ikaita tatu. Mwalimu alisema majibu yote mawili ni uongo, ila huo wa pili umezoeleka zaidi. Folda ya Wageni ikaendeshwa, programu zote ishirini na tatu zikapita, nikawatumia watu wote toleo jipya kwenye simu zao, nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi safi.

Jumamosi ya nne Mama Futi hakuja.

Nilijua tu. Nilimtazama Mwalimu kwa jicho la nilikwambia, nikachemsha chai ya watu watatu. Kusema kweli nilijisikia vizuri, na hilo linaniaibisha kuliko yote yaliyofuata.

Jumamosi ya tano, saa nne na robo, mlango ulifunguliwa kwa kiwiko. Mama Futi aliingia na joho la rangi ya damu ya mzee mkononi, kola yake imenyooka, pindo limekaa sawasawa, mshono hauonekani. Upande wa kushoto palikuwa na tundu. Upande wa kulia palikuwa na tundu.

"Yapo manne ya hivi," akasema. "Onyesho ni kesho saa kumi jioni."

Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, akaweka simu na daftari mezani, akatueleza kwa utulivu. Kazi aliipata. Alhamisi ya wiki iliyopita aliuliza programu, ikamwambia mikato minane ya mikono. Alinunua kitambaa kwa hesabu hiyo. Wiki nzima alishona miili ya majoho, ndiyo maana Jumamosi iliyopita hakuja, na mikono, kama kawaida yake, aliiacha mwisho. Jana ameikata. Imetosha majoho ishirini na manne. Alikimbia dukani, lakini jora lile lilikuwa limekwisha. Jora jingine la rangi ileile lipo, ila rangi za majora mawili hazilingani hata kiwanda kiape, na chini ya taa za ukumbini tofauti ingeonekana kutoka mlangoni.

"Kichwa changu kiliniambia kumi na moja," akasema. "Nikakiambia kinyamaze, mashine imesema nane. Sasa nataka mnionyeshe nilikosea wapi, ili nisirudie."

Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa programu yake na kuanza kushuka. Mwalimu akainama naye. Majoho kumi madogo, kumi na moja ya kati, saba makubwa. Kila saizi kwa tatu.

Mimi niliona walipofika mstari wa tano. Kumi kwa tatu, baki inatupwa. Kumi na moja kwa tatu, baki inatupwa. Saba kwa tatu, baki inatupwa. Tatu na tatu na mbili ni nane. Zamani ingekuwa nne na nne na tatu.

"Kama ni lile badiliko la kugawanya?" Dereva akauliza.

"Haiwezekani," Mwalimu akasema. "Programu yake imo kwenye folda. Ingevunjika, toleo lisingetoka. Fundi Wino asingelitoa." Akarudi kwenye mstari wa kwanza. "Tuanze upya, Mama. Kosa litakuwa kwenye namba ulizoingiza."

"Litakuwa ni mimi," Mama Futi akakubali. "Vidole vyangu vizito."

Ningeweza kunyamaza. Nalisema hili kwa sababu nililifikiria, tena kwa muda wa kutosha kunywa chai kikombe kizima. Wangetafuta, wangechoka, yeye angebeba kosa, na mimi ningeingiza programu yake kwenye folda kimyakimya jioni. Nilimwangalia akisogeza kile kidole kimoja chini ya mistari aliyoitafutia kila herufi, anajitafutia kosa ambalo halikuwa lake, na nikashindwa.

"Haimo," nikasema.

Wote wakageuka.

"Programu yake haimo kwenye folda. Nilimwambia imo, nikamdanganya. Siwaweki wageni mpaka wafikishe Jumamosi nne, kwa sababu wengi hawarudi. Toleo jipya ndilo lililoivunja. Mama, hukukosea popote. Ni mimi."

Mwalimu hakuniuliza hata kama nina hakika. Dereva aliangalia viatu vyake. Mama Futi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa joho, akaivaa tena.

"Ulikuwa unanihesabia Jumamosi?"

"Nilikuwa nakuhesabia."

"Shangazi yangu alininyima mkasi mwaka mzima," akasema. "Lakini aliniambia amenyima. Hakuniambia umeshika wakati sijashika."

Nimewahi kutukanwa na wateja ambao printa zao zimekula hati za benki. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama maneno hayo. Nilinywea pale nilipokaa. Niliomba radhi kwa sauti ambayo sikuitambua, naye akaitikia kwa kichwa, si kwa kusamehe, kwa kuonyesha tu kwamba amesikia. Kisha akaligeukia lile joho na kutusahau sote.

Alilitandaza juu ya meza, akatoa mkono mmoja uliokatwa kutoka mfukoni mwa mkoba, akaulaza pembeni. Mikono ya joho hutanuka kuelekea chini, kama ujuavyo. Juu begani ni myembamba, chini kwenye kiganja ni mipana. Midomo ikaanza kumcheza. Akaukunja mkono katikati, kwenye kiwiko. Akautazama. Akaukunjua. Akaukunja tena.

"Nusu ya chini ni pana kuliko nusu ya juu," akasema peke yake. "Kwa hiyo nusu ya chini ya mkono mmoja inatoa nusu ya juu ya mkono mwingine. Nahitaji nusu nane. Ninazo arobaini na nane." Akainua kichwa. "Mikono yote ikatwe kiwikoni. Juu damu ya mzee, chini rangi ya maziwa. Yote hamsini na sita. Hakuna atakayejua ipi ilipungua."

"Kwaya watakubali?" Mwalimu akauliza.

Akapiga simu palepale. "Kiongozi, kitambaa kimenipungukia, na nimepata mtindo," akamwambia, akaueleza. Tulisubiri. Sauti upande wa pili ilisema jambo refu, naye akajibu, "Basi kesho saa nane uje uyachukue." Akakata simu na kusimama. "Mimi nina mikono miwili, na kuna mikono hamsini na sita. Mnakuja au mnabaki na kompyuta yenu?"

Kabla hatujafunga duka niliingiza programu yake kwenye folda mbele yao wote na kuliendesha toleo langu jipya. Kompyuta ikaandika kwa herufi nyekundu: "Imevunjika: programu ya Mama Futi." Nikalifuta toleo hilo, nikawarudishia watu la zamani kwenye simu zao. Dereva aliugulia kidogo kwa ajili ya mchezaji wake asiyekufa, lakini hakubisha.

Chumba cha Mama Futi kilikuwa hatua mia nne kutoka dukani kwangu, na katika miaka kumi na miwili ya duka hilo sikuwahi kukikanyaga. Majoho yalining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Alitupangia kazi bila kutuuliza tunaweza nini. Mwalimu alipewa chaki na rula, na mistari yake ilinyooka kiasi kwamba Mama Futi alisimama kuitazama mara mbili. Dereva alikata nyuzi zilizoning'inia, ulimi nje, kama mtu anayetoa mwiba. Mimi nilianza na cherehani ya kukanyaga iliyokaa pembeni miaka mitatu bila kazi. Mkanda ulikuwa umelegea na sindano imepinda. Baada ya nusu saa ikaanza kuimba, na nikadhani nitapumzika. Nikapewa pasi.

Sijui kupiga pasi. Nyumbani mke wangu aliniondoa kwenye kazi hiyo baada ya suruali ya kwanza. Nilimwomba Mama Futi anishikie mara moja tu nione anavyofanya. Akaiweka mikono yake nyuma.

"Hapa pia hatumshikii mgeni," akasema. "Nitanyoosha kidole nikuonyeshe, lakini pasi ni yako."

Dereva alicheka mpaka akakata uzi usiotakiwa. Niliungua kidole gumba, nikakunja pindo mbili kinyume, na mara moja nikaambiwa, kwa maneno yangu mwenyewe ya kwenye Jongoo, "Sijaelewa. Rudia polepole." Nikarudia polepole. Alasiri mikono ishirini ilikuwa tayari. Jioni ilifika thelathini na minne. Mwalimu alikuwa amehamia kwenye cherehani ya kukanyaga na anashona mstari ulionyooka bila kuinua macho, na Mama Futi ndiye aliyekuwa anafunga mikono kwenye mabega, kazi ambayo hakumwachia mtu.

Tulipokuwa tunaaga nilibaki nyuma kidogo. "Mama," nikamwambia, "Jumamosi ijayo utakuja?"

Alikuwa na pini tano mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Kesho saa moja asubuhi," akasema. "Uje umenawa huo wino."

Sikupata jibu jingine, na sikustahili.

Jumapili saa nane kiongozi wa kwaya alikuta majoho ishirini na manane kwenye kamba, yote yana mikono. Joho la mwisho lilikuwa bado na joto la pasi yangu. Alishika mkono mmoja, akaugeuza, akatafuta mshono, akasema ah! Kisha akaanza kuyapakia.

Saa kumi tulikaa safu ya nyuma ya ukumbi, sisi wanne, tunanuka pasi. Mama Futi alikaa kwenye ncha ya kiti, hatazami nyuso za waimbaji, anatazama mabega. Wimbo wa pili ulikuwa wa kuinua mikono. Watu ishirini na wanane waliinua mikono kwa pamoja, na nusu zile za rangi ya maziwa zikapanda juu ya damu ya mzee zikafunguka chini ya taa, na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Sikuweza kuona yapi yalikuwa yale manne. Nilijaribu, na mimi ndiye niliyeyapiga pasi. Nilimtazama Mama Futi, machozi yanamtiririka mashavuni na wala hayafuti, na mimi nikafuta yangu, sioni haya kusema.

Nje, watu wakitoka, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya dhahabu alimshika Mama Futi mkono. Alikuwa kiongozi wa kwaya nyingine. Aliitaka mikono ileile kwa watu wake arobaini na watatu, wote saizi moja kwa kuwa walipenda kuvaa mapana. Alitaka kujua mikato itakuwa mingapi, ili akaulizie kitambaa kesho asubuhi.

Mama Futi alitoa simu. Aliifungua Jongoo, kidole kikiwa juu ya kioo, kisha akasimama na kunigeukia.

"Fundi Wino. Iliyomo humu ni ile mpya, au ni ile inayonijua?"

"Ni inayokujua."

"Imo kweli, au unanihesabia tena?"

"Imo kweli, Mama. Leo asubuhi nimeiendesha mara tatu kabla sijaja."

Alinitazama kwa muda, vilevile alivyonitazama siku ya kwanza, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Kisha akabonyeza. Jibu likatokea, lakini hakulisoma kwanza. Midomo ilimcheza mpaka alipomaliza hesabu yake, ndipo akainamisha macho kwenye simu.

"Kumi na tano," akamwambia yule mama. "Sote wawili tunasema kumi na tano. Njoo tupime, siku yoyote utakayo."

"Jumamosi inanifaa," yule mama akasema.

"Jumamosi hapana," Mama Futi akajibu huku akiirudisha simu mkobani. "Jumamosi nina chama."